Skurubu Nne kwenye Dari

Pale kwenye kona ambako lami inaisha na barabara ya mawe inaanza kupanda kilima, kulikuwa na kibanda cha bati, na ndani ya kibanda hicho alishinda mtu aliyekata bati. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Mkasi, naye aliitika kwa moyo mkunjufu.

Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuogopa kukata. Mafundi wengine hupima, hupiga mstari wa chaki, hushusha pumzi, kisha hupima tena. Mkasi alitupa jicho, akauma ncha ya ulimi, na makasi yake makubwa yakaanza kutafuna. Vipande vilivyobaki vilianguka miguuni pake vimejikunja kama maganda ya chungwa. Siku moja alikuja bwana mmoja jasho likimtoka, amenunua kabati la chuma lisilopita mlangoni kwake.

"Mkasi, niokoe. Tukate kabati au tukate mlango?"

"Wewe kata shauri kwanza," Mkasi akamwambia. "Mimi nitakata kitakachobaki."

Akalikata kabati vipande viwili, akaviingiza ndani, akaviunga kwa riveti, na hadi leo mke wa bwana yule hajui kwamba kabati lake liliwahi kufanyiwa upasuaji.

Alitengeneza ndoo, masanduku na mifereji ya maji ya mvua, lakini kazi iliyomlisha hasa ilikuwa majiko ya kuni ya kuwekwa ndani ya nyumba. Mji ule ulikaa juu, baridi yake ikipenya nguo na kukuuma mifupa, na nyumba zake nyingi zilijengwa bila dohani. Watu walikuja kununua jiko wakidhani wamemaliza, nalo jiko lenyewe ni nusu ya kazi. Mkasi hakumwachia mtu jiko kabla ya kumweleza nusu ya pili. Lisimame juu ya sakafu ya mawe au matofali, mbali na ukuta wa mbao. Bomba lake lipande juu wima, lipite darini, litoke paani, lisimame juu kuliko mgongo wa paa. Linapopita kwenye mbao liachiwe nafasi pande zote, kwa sababu bomba halihitaji kugusa ubao ili liuchome. Kuukaribia kila siku kunatosha.

"Moshi wenye joto ni mwepesi, unapanda wenyewe," aliwaambia. "Ukiulaza ubavu, unapoa. Ukipoa unachoka, unageuza, unarudi nyumbani."

"Unauzungumzia kama mume wa mtu," akina mama walimcheka.

"Mume akirudi utamsikia mlangoni. Huu una mwenzake anayeingia bila harufu, bila rangi. Huyo ndiye wa kumwogopa."

Basi huyo ndiye Mkasi, na hayo aliyajua kama anavyojua vidole vyake.

Mama yake aliishi peke yake juu ya kilima, kwenye nyumba ya mbao yenye ukuta mmoja wa mawe upande wa nyuma. Nyumba ile aliijenga marehemu baba, seremala. Chakula mama alipika kwenye kibanda cha uani, lakini sebule ilikuwa baridi kama kisima, na kila mwaka ukungu ulipoanza kushuka kifua chake kilianza nacho. Dada yake Mkasi, mkubwa wake kwa miaka michache, alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mji wa chini, kwenye joto. Alikuwa amechoka kupanda kilima kila anaposikia mama anakohoa.

"Mama, huku utaganda," alisema Jumapili moja walipokusanyika. "Kwangu kuna chumba, kuna jua, kuna wajukuu."

"Wajukuu wako wana kelele kuliko mabati ya huyu," mama akajibu, akimwonyesha Mkasi kwa kidevu. "Mimi nataka moto tu. Mkiniwekea moto hapa sebuleni, sitoki nyumba hii mpaka mnibebe."

Dada akamgeukia mdogo wake. "Umesikia? Ukungu ukishuka kabla huo moto haujawaka, namchukua. Na nikimchukua, nimemchukua. Sitaki hadithi."

"Kazi ndogo hiyo," Mkasi akasema. "Dada, unazungumza na Mkasi."

Mama akacheka, akaenda zake kuosha vikombe. Alikuwa na uhakika. Mtoto wake alikuwa amepasha joto nyumba za nusu ya mji. Iweje ashindwe na ya mama yake?

Siku iliyofuata Mkasi alipandisha jiko kwa mkokoteni. Aliliweka mahali pekee panapofaa, mbele ya ule ukuta wa mawe, juu ya matofali aliyoyapanga mwenyewe. Kisha akainua macho, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Juu ya sebule ile palikuwa na dari ambayo watu walikuja kuitazama kutoka mitaa mingine. Baba aliitengeneza mwaka wake wa mwisho, akiwa amelala chali juu ya jukwaa la mbao, akishuka kukohoa na kupanda tena. Katikati aliweka duara, na kutoka kwenye duara mbao nyembamba zilitawanyika kwenda kwenye kuta zote, moja nyekundu, moja ya njano, moja nyekundu, moja ya njano, kama miale ya jua. Vichwa vya misumari alivizamisha na kuvifunika kwa nta hata visionekane. Ila mahali pamoja tu, karibu na ukuta wa mawe, ambako miale ilikatishwa ikawa mifupi, palikuwa na vichwa vinne vya skurubu vilivyokodoa wazi. Utotoni Mkasi alikuwa akilala sakafuni na kuyatazama macho yale manne yakimtazama. Alidhani siku hiyo baba aliishiwa na misumari.

Bomba likipanda wima, litatoboa jua.

Aliegemeza ngazi, akapanda, akaweka meno ya msumeno juu ya ubao mwekundu. Harufu ya vanishi ya zamani ikamjia puani, na pamoja nayo ikaja sauti ya baba akikohoa huku akipiga randa. Mkono ukakataa. Yeye aliyekata milango ya watu, makabati ya watu na paa za watu, alishuka ngazi na msumeno wake ukiwa safi.

Dada alipokuja kukagua, alikuta bomba limepinda mara tu baada ya kutoka kwenye jiko, limelala ubavu urefu wa kitanda, limepenya ukuta na kutokea nje, kisha limepinda tena na kusimama kidogo tu chini ya ukingo wa paa.

"Hilo bomba mbona limelala?"

"Limepumzika."

"Mkasi. Si wewe unayewaambia watu moshi haulazwi?"

"Hayo ni ya wateja. Hapa nimefanya hesabu yangu. Nje nimelivalisha kofia kubwa, upepo hauingii."

"Milango ya watu unaikata, ubao tu umekushinda?"

"Si ubao tu, dada. Tazama juu."

Dada akatazama juu. Alitaka kusema neno, akalimeza. Na yeye pia alikuwa amelala sakafuni pale utotoni.

"Ukikata pale mama atalia," Mkasi akasema kwa sauti ya chini. "Kila siku atakuwa anakaa chini ya kidonda."

Huko uani mama alikuwa anaimba na kugonganisha vikombe, hatua chache kutoka walipo, na hakuna aliyefikiria kumwita na kumuuliza.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Hali ya hewa ilikuwa kavu na tulivu, na moto uliwaka bila kinyongo. Mama aliuzungumzia kama mgeni mashuhuri. "Leo kaamka vizuri," alisema. Au, "Leo kanuna, nimemlisha kuni mbichi." Alisogeza kiti chake kifupi karibu, akaweka birika juu ya jiko, na jirani aliyepita na maziwa jioni alikuwa haondoki tena.

"Fundi, mama yako amekuwa binti," jirani alimtania Mkasi barabarani. "Mashavu yanang'aa!"

Mkasi alitembea siku hizo kifua mbele. Kila mawazo ya bomba lililolala yalipomjia kibandani, aliyafukuza kama nzi. Mwakani nitalirekebisha, alijiambia.

Kisha ukungu ukashuka, na upepo nyuma yake. Upepo wa mahali pale hautoki mbele. Unapanda upande wa pili wa kilima, unaruka juu ya nyumba, na kujimwaga chini kando ya ukuta wa nyuma. Yaani palepale bomba lilipoishia. Mama, akijikinga na baridi, alipachika matambara kwenye nyufa zote za madirisha.

Alasiri moja Mkasi alipanda kilima na kipande cha mfereji begani, kwa kuwa mama alilalamika maji yanamwagika nyuma. Alichungulia dirishani. Mama alikuwa kwenye kiti chake kifupi, kichwa kimelala begani, uso umeiva, birika likitoa mvuke. Moto ulikuwa unafukuta taratibu, bila ndimi. Mkasi akatabasamu. Usingizi mtamu huo, akawaza, acha nisimwamshe. Akazunguka nyuma kwa miguu ya paka, akaanza kufunga mfereji. Alijitahidi hata kugonga polepole. Alifanya kazi ile kwa ustadi na kwa mapenzi, akipiga mluzi wa chini chini, na mkono wake ulikuwa karibu sana na mdomo wa bomba. Kama angeuinua kidogo tu angejua kwamba hakuna moshi uliokuwa ukitoka.

Aliyemshtua alikuwa jirani mwenye maziwa.

"Hodi! Hodi humu ndani! Fundi, upo huko nyuma? Mama yako haitikii!"

"Amelala."

"Amelala gani huyu? Nimempigia kelele kama ninauza samaki!"

Mkasi akaangusha nyundo. Alipofungua mlango, joto zito lilimpiga usoni na kichwa kikamzunguka palepale, na katika hatua zile tatu za kumfikia mama alielewa kila kitu. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alimbeba hadi uani, akamlaza kwenye nyasi zilizolowa, jirani akawa anampepea kwa kanga na kumwita. Mama alifungua macho, akatapika, akayafumba tena.

Kwenye zahanati walimvalisha barakoa ya hewa safi. Muuguzi akaanza kumweleza Mkasi kwa upole: kuna hewa ya sumu, haina harufu, haina rangi, upepo ukisukuma bomba...

"Najua," Mkasi akasema.

"Inaitwa..."

"Najua, muuguzi. Ninawaambia watu kila siku."

Muuguzi akamtazama, akaacha.

Mama alipona. Hilo liliwashangaza wengi, na watu walisema mengi ya kushukuru. Lakini alipopona alikuwa mji wa chini kwa dada, kwenye chumba chenye jua, wajukuu wakimpigia kelele mlangoni. Dada hakugomba. Mkasi alikwenda kila siku akiwa tayari kutukanwa, na kila siku alipewa chai. Afadhali angetukanwa.

Siku ya tatu au ya nne ndipo dada alipomsindikiza hadi nje.

"Ulimwona dirishani?" aliuliza.

"Nilimwona."

"Ukadhani amelala."

"Nilidhani amestarehe."

"Hata mimi nililiona lile bomba," dada akasema. "Nikatazama dari, nikanyamaza." Kisha akarudi ndani.

Kesho yake Mkasi alipanda kilima na msumeno. Safari hii hakuwa na huruma na ubao wowote. Angeikata dari yote ikibidi. Jiko likifanywa vizuri, mama atarudi. Ndivyo alivyojiambia njia nzima. Akapanda ngazi, akainua msumeno, na yale macho manne yakamtazama kwa karibu kuliko wakati wowote.

Yalikuwa yamepangwa kama pembe za mraba. Na mraba wenyewe ulikuwa juu ya jiko kabisa.

Akashuka, akatafuta bisibisi, akapanda tena. Alitegemea skurubu za miaka yote ile zimekwama kwa kutu. Ya kwanza ilizunguka kama iliyofungwa jana. Akaitoa, akaiweka kiganjani, akaona weupe kwenye mizunguko yake. Sabuni. Seremala hupaka skurubu sabuni pale anapojua kwamba siku moja itafunguliwa.

Akazitoa zote nne. Miale mifupi ilishuka mikononi mwake ikiwa kitu kimoja, kama mfuniko wa sanduku, ikiwa imeunganishwa kwa nyuma na vipande vya ubao. Hakuna uliokatika. Akaingiza kichwa kwenye nafasi ile na kurunzi mkononi. Boriti mbili zilikuwa zimesogezwa kuachiana nafasi, zimefungiwa mbao za kuvuka, na ndani ya fremu ile nzuri baba alikuwa amepigilia bati pande zote nne, ili moto usije ukazigusa mbao. Nafasi ilitosha bomba, na ikabaki ya kupitisha kiganja kila upande. Baba hakuwa na jiko wala bomba. Alikuwa na kifua kibovu na mke anayesikia baridi, akaacha mlango.

Mkasi alikaa juu ya ngazi akiwa amekumbatia mbao zile. Maji kwenye mfereji mpya yalikuwa yakitiririka vizuri, na sauti yake ilimchoma.

Akafanya kazi. Alikuwa hajawahi kufanya kazi kama ile. Bomba lilitoka kwenye jiko likapanda wima, likapita kwenye mlango wa baba likiwa ndani ya bomba jingine pana, na katikati ya mabomba hayo akashindilia sufi nzito ya nyuzi za mawe, isiyoshika moto. Paani alilivisha kola ya bati mvua isipenye, akalipandisha hadi likapita mgongo wa paa, akalifunga kwa waya lisiyumbe. Tundu la ukutani aliliziba kwa mawe, akaacha tundu dogo la chini la kuvutia hewa safi. Ukutani akapachika king'ora kidogo kinachonusa ile hewa mbaya na kupiga kelele. Kabla ya yote hayo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, alipima, akapiga mstari wa chaki, akapima tena.

Siku ya upepo mkali akawasha. Moshi ukapanda kama ulioitwa, na bomba likavuma kwa ndani kwa sauti ya kuridhika. Alitoka nje, akatazama juu, akauona moshi ukienda zake juu ya kilima, mwembamba, mweupe, bila kugeuka.

Dada alimleta mama Jumapili. Mama aliingia polepole, akalitazama jiko, akalifuata bomba kwa macho hadi darini.

"Ah," akasema. "Umepafungua pa baba yako."

Mkasi na dada wakatazamana.

"Mama, ulikuwa unapajua?"

"Si nilimshikia taa? Alisema, 'Siku tukipata jiko la maana, asije mtu akalikata jua langu.'" Akacheka kidogo. "Nilipoona umelipitisha ukutani nikasema, basi, wa siku hizi wana mbinu zao."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye fundi. Hukuniuliza."

"Niliogopa utalia nikikata."

"Nilie kwa ajili ya ubao?" Mama akamshangaa kwa dhati. "Mwanangu, baba yako alikuwa akikata chochote. Kiti cha harusi yetu alikikata akatengeneza kitanda chako."

Wakamkalisha kwenye kiti kifupi. Moto uliwaka vizuri kuliko ulivyowahi kuwaka, na Mkasi alichuchumaa kando yake akimwonyesha king'ora, akimwonyesha tundu la hewa, akieleza haraka haraka kama mtoto anayesoma somo alilolikariri. Mama aliitikia, "Eeh. Eeh. Vizuri." Lakini macho yake yalikwenda dirishani. Baada ya muda alinyoosha mkono akafungua kidogo. Baadaye akafungua tena kidogo. Upepo ukaingia, akajifunika shali, na bado hakufunga. Kila kuni ilipopasuka kwa moto, vidole vyake viliruka.

"Mama, bomba linavuta," Mkasi akasema. "Njoo nje uone. Hakuna kinachorudi."

"Naamini."

"Basi utarudi? Chumba chako nimekisafisha."

Mama akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe, kichwa chenye mvi na unga wa bati.

"Moto wako ni mzuri. Huu ndio niliokuwa nautaka. Lakini kichwa kinakubali, mwili unakataa. Nikisinzia kidogo tu, mwili unaniamsha. Siwezi tena kulala na moto, mwanangu. Hata kwa dada yako nawaambia wazime jiko ndipo nifumbe macho."

Dada hakusema, Nilikwambia. Alikunjua mfuko wa nguo aliokuwa amekuja nao tupu, akaenda chumbani kuujaza zilizobaki.

Walipokuwa wanaondoka, mama aliuliza zile mbao fupi ziko wapi. Mkasi alikuwa amezifunga kwenye blanketi. Akampa, pamoja na skurubu nne ndani ya kikombe. Mama akapanda mbele kwenye gari la kukodi, mbao mapajani, nyekundu na njano, akizishikilia kwa mikono miwili kila gari liliporuka kwenye mawe, mpaka walipofika kwenye lami.

Siku hizi ukienda kwa Mkasi kutaka jiko, hatoi makasi kwanza. Atakufuata nyumbani, atatazama dari, kisha atauliza nani ameijenga na nani anakaa chini yake, na huyo anayekaa chini yake atataka aitwe, hata kama yuko uani anaosha vikombe. Watu wanalalamika kwamba amekuwa mzito.

Na kila Jumapili anapanda kilima kuwasha moto kwenye nyumba tupu, maana bomba lisilotumika hushika kutu. Anakaa mpaka kuni ziishe. Dirisha analiacha wazi kidogo, palepale mama alipoliacha, na moshi unapanda moja kwa moja.